BrainChart: chati nzuri ya ukuaji wa ubongo, lakini si ya kumpimia mtoto mmoja

Mzazi aliyewahi kumpeleka mtoto kliniki anaifahamu kadi yenye mistari iliyopinda, ambamo muuguzi hutia nukta ya uzito na kuangalia kama inapanda sambamba na mistari hiyo. BrainChart, tovuti ya bure iliyotolewa na watafiti wa vyuo vikuu vya Cambridge na Pennsylvania pamoja na wenzao wa nchi nyingi, ambao matokeo yao yalichapishwa mwaka 2022, inalenga kuufanyia ubongo kazi hiyohiyo, tena kwa mbinu ya takwimu ambayo Shirika la Afya Duniani huipendekeza kwa chati za ukuaji.

Uzito wake unatokana na wingi wa picha: picha 123,984 za MRI (picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa mashine ya sumaku) za watu zaidi ya 100,000, kuanzia kijusi cha siku 115 tangu mimba kutungwa hadi mzee wa miaka 100. Ukifuata mstari wa ujazo wa tishu ya kijivu ya gamba la ubongo, yaani tabaka la nje lenye seli nyingi za neva, unauona ukipanda kwa kasi tangu tumboni, ukifika kileleni mtoto akikaribia miaka 6, kisha ukianza kushuka taratibu. Ule wa tishu nyeupe, yaani nyuzi zinazounganisha sehemu za ubongo, unaendelea kupanda hadi karibu miaka 29, na ule wa tishu ya kijivu iliyo chini ya gamba la ubongo hufika kileleni miaka 14 na ushei, katikati ya balehe. Kwa mwalimu, sehemu hii peke yake inatosha kuipendekeza tovuti. Wengi wakisikia kwamba tishu ya kijivu ya gamba la ubongo wa kijana wa miaka 13 inapungua hudhani ni maradhi, ilhali ndivyo ubongo wenye afya unavyokomaa: inaaminika kwamba miunganiko isiyotumika hupunguzwa, na nyuzi za neva huzidi kuvikwa utando wa mafuta unaoharakisha mawasiliano. Wasichana na wavulana wana mistari yao tofauti, na ni vyema, mradi asitokee mtu wa kugeuza tofauti ya ujazo kuwa kipimo cha akili.

Mtafiti anaweza pia kupakia vipimo vyake na kupewa nafasi ya kila mtoto kwenye chati. Hapa ndipo ninapotaka tahadhari. Mashine za MRI hazipimi sawasawa, kwa hiyo panahitajika picha nyingi za utafiti uleule, takriban 100, ili makadirio yatulie. Picha moja ya mtoto mmoja haitoshi, na waandaaji wenyewe wameeleza kwamba chati hizi bado si za kutolea uamuzi wa tiba.

Upungufu unaoniuma zaidi ni kwamba picha nyingi zimetoka Ulaya na Amerika Kaskazini, huku watoto wa Afrika wakiwa wachache mno. Sababu zinajulikana: mashine ni ghali na ziko kwenye miji mikubwa, na mtoto mzima wa afya lazima alale tuli ndani ya mashine yenye kelele, kwani si haki kumpa dawa ya usingizi kwa ajili ya utafiti tu. Kwa hiyo “kawaida” inayoonyeshwa ni kawaida ya watoto waliopimwa. Mtafiti wa Dar es Salaam au Nairobi atakayeitumia ahakikishe kwanza amewapima watoto wa hapo wenye afya, kwa mashine ileile, kabla ya kusema ubongo wa mgonjwa wake ni mdogo.