Kimara kwa Anayehamia Dar es Salaam
Kwa anayehamia Dar es Salaam na kufanya kazi eneo la Posta, katikati ya jiji, napendekeza Kimara kabla ya Kigamboni, kwa kuwa mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kazi mwaka 2016, hupita katika njia maalumu kutoka Kimara hadi Kivukoni, jirani na Posta, ilhali mkazi wa Kigamboni hutegemea kivuko au daraja. Msongamano wa asubuhi kituoni, hata hivyo, unachosha mno. Nyumba nyingi ziko vilimani, hivyo kagua njia ya kuingilia wakati wa masika, kwani udongo huteleza na bodaboda hukataa kupanda. Kabla ya kulipa kodi ya miezi sita, ambayo wenye nyumba wengi huidai kwa mkupuo, fungua bomba mwenyewe, ulizia simtanki, yaani tangi la akiba ya maji, na hakikisha luku, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, ni yako peke yako, maana mita ya pamoja huzua ugomvi usiokwisha baina ya wapangaji.