Kugomea kodi na kuepuka kodi

Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, kwenye mizani ya dagaa, watu huyachanganya haya mawili. Yako mbali.

Mgomaji hutangaza. Wajerumani walipoweka kodi ya nyumba mwaka 1898, rupia 3 kwa kibanda, asiye na fedha alilipa kwa jasho lake. Hasira hiyo ilichangia Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, kule kusini. Waliokataa walijulikana kwa sura, na viongozi wao wengi walinyongwa. Kodi ya maendeleo, iliyofutwa 2003, yenyewe iliwakimbiza watu vichakani mgambo wakitokea. Huko ni kukwepa, sawa, lakini angalau mbio zilionekana!

Mwepukaji hana kelele. Kampuni yake ya hapa huiuzia kampuni dada ya ughaibuni bidhaa kwa bei ya chini kadiri sheria inavyoruhusu, faida ikaandikwa Visiwa vya Cayman, ambako hakuna kodi ya mapato. Mara nyingi sheria haikuvunjwa. Mhasibu ameisoma tu kuliko sisi. Nyaraka za Panama, za kampuni ya mawakili iliyowaundia matajiri kampuni za ughaibuni, zilipovuja mwaka 2016, zaidi ya milioni 11, ndipo wengi wakaujua mchezo.

Mimi namheshimu mgomaji. Machinga wa Makoroboi, hapo Mwanza mjini, hana Cayman. Kitambulisho chake cha mfanyabiashara mdogo, cha shilingi 20,000, alikilipia taslimu.