Usenet ukiwa Mombasa: ulipie kipi, uache kipi

Usenet ni mtandao wa zamani wa vikundi vya mijadala na mafaili, unaoufikia kupitia seva. Kusimba muunganisho wake, yaani kuuficha kwa msimbo wasio husika wasiusome, ni jambo la lazima, ila usikubali kulipia usimbaji peke yake. Muuzaji anayekutoza ziada ili akuwashie TLS, ndio huo usimbaji wenyewe, mpite.

Wengi wetu huku Bamburi na Kisauni tunatumia Wi-Fi moja na majirani wa fleti nzima, au tunafungua laptopu mkahawani Nyali. Programu yako ikiingia kwenye seva kupitia poti 119, mlango usiosimbwa, inatuma mstari wa AUTHINFO USER na jina lako, halafu AUTHINFO PASS na neno lako la siri, vyote waziwazi. Mwenye ruta akitaka, anavisoma kama bango la barabarani. Kisha inafuata amri ya GROUP, na hapo anajua pia ni kikundi gani unachosoma. Kwenye poti 563, mlango wa TLS, hayo yote yanafunikwa. Kampuni inayokuuzia intaneti inabaki kuona unazungumza na seva ipi, na data inayopita ni kiasi gani. Basi.

Huduma zenyewe, mimi ningezipanga hivi, bora ikitangulia:

1. Eternal September. Ni seva ya Usenet ya bure, ya maandishi tu, na unajisajili kwa barua pepe. Tangu Google Groups ilipoacha kuonyesha ujumbe mpya wa Usenet, Februari 22, 2024, anayetaka mijadala namtuma hapa moja kwa moja. Fungua Thunderbird, programu ya barua pepe inayosoma Usenet pia, nenda kwenye mipangilio ya seva, chagua SSL/TLS, na uhakikishe poti imegeuka kuwa 563. Watu wengi hawahitaji kununua chochote zaidi ya hapo.

2. Gigabaiti za kununua mara moja. Zinamfaa anayeshusha mafaili makubwa kwa nadra, na kwa kawaida haziishi muda kama bando zetu za simu. Kadi ya GlobalPay ya M-Pesa inaweza kulipa mahali panapopokea Visa, lakini kumbuka malipo hayo yanaacha alama inayorudi kwako. TLS haifuti hilo.

3. Akaunti ya mwezi isiyo na kikomo. Kama huna faiba nyumbani, achana nayo.

4. Kifurushi cha Usenet pamoja na VPN. Hiki ndicho kinachotangazwa sana, nami nimekiweka mwisho makusudi. Ni kweli VPN, huduma inayopitisha intaneti yako yote kwenye njia iliyosimbwa, inaificha hata ile seva machoni pa kampuni yako ya intaneti. Lakini ukinunua vyote viwili kwa muuzaji mmoja, yeye sasa ana kadi yako, ana anwani yako halisi ya IP (namba inayokutambulisha mtandaoni), na seva yake inajua ulichoomba. Umeondoa macho kwa mmoja ukamkabidhi mwingine, tena ukamlipa. Ukiihitaji VPN kweli, inunue kwingine.

Tena usimbaji unalinda njia tu. Ukishachapisha ujumbe, dunia nzima inausoma, na baadhi ya seva huweka anwani yako ya IP kwenye kichwa cha ujumbe, mstari wa NNTP-Posting-Host. Kwa hiyo kabla ya kulipa, omba muda wa majaribio, tuma ujumbe mfupi kwenye alt.test, kikundi cha majaribio, kisha ufungue chanzo chake usome mstari kwa mstari. Ukiikuta IP yako pale, tafuta seva nyingine.