Nililipia dirisha la bahari nikapewa tumbo la boti: vyumba vya meli ya kitalii

Tangu nimerudi watu wananiuliza meli ilikuwaje, nikishamaliza habari za chakula wanauliza na mlilala chumba gani, hapo ndo naanza kuongea bila kituo, maana chumba changu ndo kilichonichefua mimi na chumba cha mama ndo kilichompendeza yeye. Kwahiyo naandika mara moja yaishe, atakayeuliza tena namtumia hii.

Mi niko Mtwara mjini, nina kiduka cha kushona na kuuza vitenge, safari zangu ni Dar kufata mzigo Kariakoo basi. Kaka yangu yuko Johannesburg kitambo na mkewe, akasema Januari tukutane Durban tupande meli usiku tatu, inaenda mpaka kisiwa kimoja cha Msumbiji jirani na kisiwa cha Inhaca, mnashinda ufukweni mnarudi. Baba watoto alikuwa ameshalipwa korosho zake za mnada, hana neno, Afrika Kusini kwa paspoti yetu viza haitakiwi kwa matembezi ya hadi siku 90, tukambeba na mama na mdogo wangu wa mwisho, haoo.

Jina la meli sitaji, nisije nikaitwa. Jua tu urefu wake unakaribia mita 300, ukitaka kuipata kichwani nenda bandarini kwetu usimame mwanzo wa lile gati jipya uangalie mpaka mwisho, ndo hiyo, af ipandishie ghorofa kumi na kitu juu.

Sasa kwenye kubuku ajenti anakupa aina nne. Chumba cha ndani ambacho hakina dirisha kabisa, cha dirisha, cha balkoni, na switi, yaani chumba kikubwa cha kifahari, ambayo kaka alituambia hiyo msiitazame hata bei. Bei zenyewe zimeandikwa kwa mtu mmoja mkiwa wawili chumbani, ukienda peke yako wanakupiga karibu ya watu wawili, hilo wengi hawalijui mpaka wafike kulipa. Kaka na wifi wakachukua balkoni. Mimi na mume wangu tukasema sisi watu wa pwani tutalalaje majini bila kuyaona maji, tukachukua dirisha. Mama na mdogo wangu, kwa sababu hela ilikuwa imeanza kuisha, tukawawekea cha ndani, na nakiri nilikuwa naona aibu, nikamwambia mama samahani mama utavumilia ni usiku tatu tu. Yaani nilimwombea msamaha kwa chumba kizuri kuliko changu!

Tumeingia, kadi umechomeka ukutani taa zimewaka, chumba kidogo lakini kisafi, vitanda viwili vimeunganishwa, kabati, kiti, pazia zito limefunikwa mpaka chini. Mume wangu akashika pazia kama anazindua jengo, akavuta. Chungwa. Dirisha zima rangi ya chungwa. Nikadhani ni pazia la pili kwa nje, kusogea kumbe ni tumbo la boti la kuokolea, limening'inia hapo hapo, naona mpaka misumari na kamba zake na alama ya brashi ya aliyepaka rangi. Ukipiga magoti ukalaza shavu kwenye kioo pembeni kushoto unapata kipande cha bahari kama upana wa kanga iliyokunjwa. Asubuhi ya pili tumeamka kuna fundi amekaa kwenye vyuma vya lile boti anafanya kazi yake, mi niko na gauni la kulalia, akanipungia mkono, nikampungia, ningefanyaje.

Nikaenda mapokezi nimefura. Dada wa pale mpole kweli, akafungua risiti yetu akanionyesha, imeandikwa kwa maandishi ya sisimizi kwamba dirisha hili limezibwa, na kwa sababu hiyo ndo bei yake ilikuwa chini kidogo ya madirisha mengine. Kuhama je? Meli imejaa. Ajenti wala hakutuambia na sisi wala hatukusoma, ngoma droo, ila hela yangu imeenda. Na picha kwenye tangazo lao ilikuwa mwanamke ameshika kikombe anaangalia jua linazama! Huyo mwanamke chumba chake sijui kiko meli gani.

Kitu ambacho ningekifanya upya ni hiki, kabla ya kulipa omba ramani ya ghorofa, wao wanaita deki (sio ya kupiga na ndoo), zipo bure kwenye tovuti za kampuni za meli. Namba ya chumba tarakimu za mwanzo ndo zinakwambia uko deki ya ngapi, ukishaijua unaangalia boti za kuokolea zimepangwa usawa wa deki gani, unaangalia juu yako kuna nini na chini yako kuna nini. Dakika kumi tu. Mi fundi cherehani, siwezi kukata kitambaa bila kupima, lakini chumba nimenunua kwa kuangalia picha.

Njoo kwa kaka sasa, tajiri wetu wa balkoni. Chumba chao kilikuwa juu kabisa na kimeenda mbele karibu na kichwa cha meli, na balkoni yenyewe inaingia viti viwili na kimeza cha kuwekea kikombe, basi, ukikunja miguu vibaya unagonga chuma. Siku ya kwanza walitutambia sana, wifi ananitumia picha kila baada ya nusu saa kama vile mi siko kwenye meli hiyo hiyo. Usiku bahari ikachafuka. Pale nje ya Durban kuna mkondo mkali unashuka kusini, upepo ukivuma kinyume chake mawimbi yanasimama kama kuta, na meli ikianza kupanda na kushuka wanaoumia ni wa mbele na wa nyuma kabisa, kama ubao wa watoto wa kubembea, anayekaa katikati hanyanyuki. Na anayekaa juu ndo anayumbishwa zaidi ubavu kwa ubavu. Wao walikuwa mbele NA juu. Wifi alitapika mpaka alfajiri, kaka amekaa sakafuni kashika mguu wa kitanda, balkoni imefungwa maana kwa upepo ule mlango haufunguki hata uusukume na ng'ombe. Wakalipia balkoni usiku wote wanaangalia pazia.

Na bado. Juu yao ndo kwenye bwawa la kuogelea. Saa kumi na moja asubuhi wahudumu wanaburuta viti vya jua kuvipanga, krrrr, krrrr, mtu ndo kwanza alikuwa anapata usingizi. Kaka akasema hata fundi seremala wa mtaani kwao ana huruma kuliko wale.

Lakini nisiwe mchoyo. Asubuhi tulipotia nanga mbele ya kile kisiwa bahari ilikuwa imelala kama mafuta, tukapanda kwao na vikombe vya chai, tukakaa kwa zamu, mchanga mweupe ule, boti ndogo zinashusha watu, harufu ya chumvi, nikasema hapa sasa, hapa nimeielewa balkoni. Ile saa moja na nusu ilikuwa tamu. Ila ukigawa nyongeza ya bei kwa saa moja na nusu utakimbia, mume wangu alipiga hesabu kwa mifuko ya salfa ya shambani nikamwambia nyamaza usituharibie.

Haya, mama. Chumba chao kilikuwa chini, deki ya pili kutoka chini kwenye zile za abiria, na katikati ya meli kabisa. Mama yangu sio mgeni wa meli, miaka ile daraja la Rufiji bado, mnafika Ndundu mnalala kusubiri kivuko, yeye alikuwa anapanda meli Dar kuja huku, juu sitahani na mkeka na mtoto mgongoni, mtoto mwenyewe ni mimi. Kwahiyo alipoona kitanda na shuka nyeupe hakusikia tena habari ya dirisha. Akazunguka kile chumba mara moja, hatua tano hatua nne, akasema, "Hapa hapa. Nyie nendeni huko juu mkanese." Usiku ule wa mawimbi asubuhi tunaenda kumwangalia kwa huruma zetu, amelala fofofo, mdogo wangu naye. Tumemwamsha anatuuliza mbona mmepauka. Wifi akamweleza yaliyomkuta, mama akamwangalia akamwambia pole mama, wazee walisema kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Tezi ndo nyuma ya chombo, omo mbele, ngama ni kule chini tumboni maji yanakokusanyika. Nimelisikia neno hilo toka mdogo nikijua ni mafumbo tu ya watu wazima, kumbe ni ushauri wa kubuku chumba!

Shida ya chumba cha ndani ni giza. Sio giza la kuzima taa, ni giza la kaburini, ukizima taa mkono wako huuoni, na saa zinakupotea. Mdogo wangu anasema usiku wa kwanza mama kamwamsha mara tatu, "Mwanangu, kuchele?", "Mama bado, saa nane." Anakaa kidogo, "Kuchele?" Kuchele ni kumekucha, yaani Mtwara kuchele tunayoandika kwenye tisheti, bi mkubwa anaiuliza kwa dhati katikati ya bahari. Dawa wameipata siku ya pili, kwenye tivii ya chumbani kuna chaneli inaonyesha kamera ya mbele ya meli muda wote, wakaiacha imewashwa bila sauti, ukiwa usiku skrini nyeusi, kukipambazuka chumba nacho kinapambazuka. Alfajiri mama alikuwa anaijua kwa tivii. Usisahau pia kuacha taa ya chooni na mlango wazi kidogo, na alamu ya simu.

Kibla ndo kilitusumbua, dira ya simu ndani ya vile vyuma inazunguka kama imelewa, na meli yenyewe inageuka. Mama akaswali alivyokadiria, akasema Mungu anajua tuko wapi.

Mambo ya chooni hayatofautiani, uwe balkoni uwe ndani. Choo kinavuta kwa upepo, ukibonyeza kinapiga kelele fyuuup kama kinataka kukumeza, mama mara ya kwanza alitoka mbio. Maji ya kutawazia chooni hakuna, bebeni kopo lenu, sisi tulibeba la plastiki la kutoka nyumbani na lilikuwa kitu cha thamani kuliko kamera. Bafu ni dogo na pazia lake linakung'ang'ania mwilini. Kuta ni za chuma, wifi alikuja na visumaku vya kutundikia nguo, ujanja mzuri, vinanasa popote. Pasi marufuku, mishumaa marufuku, na udi marufuku, chetezo cha mama kilizuiliwa kule kule kwenye ukaguzi na alinuna mpaka chakula cha usiku.

Mengine harakaharaka. Wanauza pia chumba cha kubahatisha, unalipa bei ya chini unachagua aina tu, wao ndo wanakupangia kiwe wapi, kama hujali sawa, ila kama unaumwa bahari usithubutu. Chumba chenye mlango wa kuunganisha na cha jirani ni kizuri mkiwa familia, kama jirani humjui utasikia mpaka anavyokohoa. Karibu na lifti kuna makelele, mbali sana na lifti mzazi anayesumbuliwa na miguu kama mama anateseka, vyumba vitatu vinne kutoka lifti ndo penyewe. Vitanda vya mtu wa tatu na wa nne vinashuka kutoka darini au ukutani, watoto watafurahi, mtu mzima wa kimo cha mume wangu hapana. Na kila siku kila kichwa kinakatwa bakshishi ya wahudumu kwenye bili, aina yoyote ya chumba, iwekeni kwenye bajeti.

Nyota zangu basi. Dirisha letu la chungwa, moja, na hiyo moja nimempa fundi aliyenipungia mkono. Balkoni ya kaka, mbili na nusu kwa pale ilipokuwa, ingekuwa katikati na deki ya chini kidogo na safari ya wiki nzima ningempa nne bila kubisha, maana wiki nzima unapata asubuhi nyingi za bahari iliyotulia. Cha ndani cha mama, nne, moja nimeitoa kwa giza. Kwa usiku tatu ambao mchana kutwa uko nje unakula na kuzurura, na juu kule sitahani bahari yote unaiona bure umesimama, mi ningechukua kile cha mama na chenji nikanunulie vitenge.

Kaka anasema mwakani tena. Juzi alipiga simu kumwambia mama kuwa safari hii atamlipia balkoni kama zawadi. Mama akamuuliza namba ya kile chumba chake cha mwanzo anayo bado, kama hana yeye anaikumbuka.