Kaunta nawapa tano, ukurasa wao wa mtandaoni nawapa mbili

Kinachonirudisha kwa hawa wasafishaji wa picha ni kimoja: hawapokei kazi ya picha kubwa kabla hawajaangalia faili lina pikseli ngapi, yaani nukta ndogo za rangi zinazounda picha. Kwingine ukisema unataka ya ukutani unajibiwa "itatoka tu vizuri", unalipa, halafu unakabidhiwa sura iliyojaa chenga. Hapa kijana wa kaunta hana maneno mengi. Nilimpa picha ya baba, nikamwambia naitaka kwenye A3. Akafungua faili, akasoma namba, akanigeukia.

"Hii umetumiwa kwenye simu, dada?"

Ndiyo, mdogo wangu ndiye aliyenitumia. Pikseli 1600 kwa 1200 tu. Programu za kutumiana ujumbe huibana picha ili ifike haraka, na kwenye kioo cha simu huoni tofauti yoyote. Akagawanya 1600 kwa 300 mbele yangu: inchi 5 na ushee. Hiyo ni ya albamu. Akashauri aliyepiga aitume upya kama dokumenti, isiguswe. Ilipofika ilikuwa 4000 kwa 3000, picha ileile, baba yuleyule.

Ile 300 ni idadi ya pikseli kwa kila inchi moja ya karatasi, kipimo ambacho jicho likiwa sentimita 30 hivi haliwezi tena kutenganisha nukta na nukta. A3 ina upande mrefu wa inchi 16.5, kwa hiyo hata faili asilia lilitoa pikseli 242 kwa inchi. Halikufika 300, na kijana hakujali. Alichofanya ndicho kilichonifurahisha kuliko vyote: alikata kipande cha uso kutoka kila faili, akavisafisha pamoja kwenye karatasi moja ndogo, kwa ukubwa uleule ambao vingekuwa nao kwenye A3. Kwenye kipande cha faili dogo, ukingo wa miwani ya baba ulikuwa ngazi ngazi na ndevu zimekuwa doa la kijivu. Kwenye kile kingine unahesabu mvi, na ndani ya kioo cha miwani unaliona dirisha alilokuwa amelitazama.

Kisha akaibandika karatasi ukutani, akaniambia nirudi nyuma. Nikiwa mbali kidogo, kama mita mbili, vipande vile vilikaribia kufanana kabisa. Ndiyo maana bango la barabarani huwa na nukta unazoweza kuzigusa kwa kidole na bado linasomeka. Akaniuliza picha itakaa wapi. Nikamwambia kwenye korido, nyembamba, watu wanapita bega kwa bega na ukuta. "Basi faili kubwa, hakuna mjadala." Swali hilo la mahali picha itakapokaa sijawahi kuulizwa na msafishaji mwingine.

Sasa nigeukie ukurasa wao wa kuagizia ukiwa nyumbani, maana hapo pananiudhi.

Nilipandisha picha ya harusi iliyopigwa kwa kamera, pikseli 6000 kwa 4000. Hiyo kwa 300 inatoa inchi 20 kwa 13 na zaidi. Ukikubali 150, unafika inchi 40. Ukurasa ukaniwashia alama nyekundu: rezolusheni (pikseli kwa inchi) ndogo, 72. Ile 72 ni lebo tu iliyoandikwa ndani ya faili, maelekezo kwa printa kuhusu ukubwa wa kuchapa, wala haiongezi wala kupunguza hata pikseli moja. Nikaibadilisha lebo iwe 300 bila kugusa kitu kingine, nikapandisha tena. Kijani! Nikapata wazo la kuwajaribu: nikalichukua lile faili dogo la baba, nikalibandika 300, nikaagiza A3. Kijani vilevile. Yaani mashine inakataa picha nzuri na kuipitisha mbovu, na mteja asiyejua atalaumu kamera yake au, vibaya zaidi, atalaumu macho yake. Kaunta yao ina mtu anayepiga hesabu sahihi kwa sekunde chache. Sielewi kwa nini hesabu hiyohiyo haimo kwenye ukurasa.

Jambo jingine dogo la ukurasa huo ni ukataji. Picha za simu nyingi ni nne kwa tatu, na karatasi ya inchi 6 kwa 4 ni tatu kwa mbili, kwa hiyo lazima sehemu moja ya tisa iondoke juu au chini. Ukurasa huondoa bila kuuliza, na kwenye picha ya kundi waliosimama nyuma ndio hupoteza vichwa. Kitufe cha kuacha ukingo mweupe kipo, ila kimefichwa chini kabisa ya maelezo ya karatasi.

Wana pia huduma ya kukuza faili dogo kwa akili mnemba. Kwa mandhari au maua sina neno. Kwa uso wa mzazi nilikataa, kwa sababu pikseli zinazoongezwa ni za kubuni: utapewa kope kali na ngozi laini, na anayemfahamu ataona kuna mtu mwingine pale.

Karatasi isiyong'aa waliyonichagulia kwa ajili ya korido ni sahihi, taa haimuliki usoni. Rangi zimetoka kama zilivyo, ngozi haikugeuka nyekundu. Fremu zao ni nyepesi mno, hizo sikuchukua. Ukiwaagizia ukiwa nyumbani, puuza rangi ya alama: chukua pikseli za upande mrefu, gawanya kwa inchi unazotaka, na jibu likishuka chini ya 200 kwa picha ya kutazamwa kwa karibu, wapigie kwanza. Simu wanapokea.