Bampa langu, laki na ishirini yangu, na "mlete shemeji tuongee naye"

Kile kipande cha rangi kilichobanduka kwenye bampa langu bado ninacho, kiko kwenye droo ya gari. Kina ukubwa wa kiganja changu. Upande mmoja ni rangi ya silva na klia yake juu, ile vanishi isiyo na rangi inayopigwa mwisho, inang'aa vizuri tu. Upande wa pili ni laini kama mfuko wa maziwa, na katikati umepita mstari mmoja ulioinuka kidogo. Ule mstari naujua. Ni mkwaruzo wa geti la nyumbani, nilioupata mwenyewe nikirudi usiku umeme umekatika.

Maana yake gereji walipiga rangi mpya juu ya mkwaruzo. Msasa haukugusa hapo kabisa. Rangi imelala juu ya bampa la zamani linaloteleza, ikasubiri siku ya kutoka.

Gari langu, Toyota IST, linalala nje, Tabata, hakuna mti wala banda, na jua la Dar mnalijua. Boneti na milango viko salama, ila bampa la mbele lilianza kufifia juu, likawa na mabaka meupe kama ukurutu, kingo zinabanduka. Nikanunua polishi. Siku mbili inapendeza, ya tatu mabaka yamerudi. Hakuna aliyeniambia kwamba polishi inafanya kazi klia ikiwa bado ipo. Ikishaungua na kuachia, hakuna cha kung'arisha, ni kukwangua na kupiga upya.

Gereji nilielekezwa na mtu wa kazini. Waliniambia siku tatu, ikawa wiki na ushee. Hilo nilivumilia. Laki na ishirini nikatoa yote, sikuomba hata kupunguziwa, kwa sababu nilipoliona lilikuwa zuri, na lazima niseme ukweli: rangi waliipatia. Silva ndiyo inayosumbua mafundi, ina zile chembechembe, ukipiga kwa mkono tofauti gari linakuwa na vipande viwili. Kijana wa kuchanganya alisoma namba ya rangi kwenye kibati cha gari, 1F7, akapaka kidogo kwenye kadi, akaipeleka juani, akaweka kwenye fenda, akarudi kuongeza, mara tatu nzima. Ukisimama mbali hujui wapi bampa linaanza. Kama ningeandika wiki ile, mngesoma sifa tupu.

Masika ilipoanza kuchanganya, kijana anayenioshea gari akaniita. "Dada, njoo uone." Hakuwa na mashine ya presha, alikuwa na mpira wa bombani. Maji yameingia chini ya rangi pale kwenye kona juu ya taa ya ukungu, ikavimba, alipopitisha kitambaa ikamfuata mkononi.

Nikaenda gereji siku hiyohiyo na kipande changu. Mwenye gereji alikuwa amekaa kwenye siti iliyong'olewa kwenye gari la mtu, anakula mihogo. Nikamsalimia. Hakuinuka.

"Umeosha na presha," akasema, kabla sijafungua mdomo.

Nikamwambia hapana. Akasema plastiki haina garantii. Nikampa kipande, nikamwonyesha mstari wa geti, nikamuuliza kwa upole kabisa, kaka, hapa msasa ulipita? Akakishika, hata hakukigeuza, akakitupa chini kwenye oili. Akasema:

"Dada, mlete shemeji tuongee naye. Haya mambo ya rangi wewe huyawezi."

Vijana wawili wakacheka. Wa tatu, mwenye msasa mkononi, akainamisha kichwa. Mimi nikainama kuokota kipande changu kwenye oili.

Shemeji gani? Gari ni langu. Kadi ina jina langu, mkopo wa SACCOS nimelipa mimi kila mwezi hadi ukaisha. Pesa alipozihesabu hakuuliza shemeji yuko wapi. Tangu siku ile kila nikikumbuka gereji ile naona vibaya tu: matone ya rangi kwenye taa yangu, gundi ya tepu waliyoiacha kwenye namba, hela ya soda waliyoniomba wakati wa kuchukua gari. Yote hayo nilikuwa nimeyasamehe.

Bampa nimetengenezewa na mzee mmoja anayefanyia kazi uani kwake. Laki na nusu. Nilimwamkia, akaitikia, akaniambia, "Vuta kigoda mwanangu, uone." Alianza na sabuni kabla ya msasa, kutoa mafuta na polishi niliyoijaza mwenyewe. Kisha msasa wa maji. Akaniita niangalie maji yanayotiririka: yakiwa meupe kama tui, ujue unakula klia, yakianza kuwa ya kijivu umeshaingia kwenye rangi. Kazi yote ya gereji ikatoka kwa vipande, vingine kwa kucha tu. Palipofika plastiki tupu akapiga praima ya plastiki, maana rangi haishiki kwenye bampa hivihivi. Siku ya kupiga klia asubuhi ilinyesha, akakataa kabisa. Hewa ikiwa na unyevu klia inaweza kutoka na ukungu, akasema nirudi kesho. Alipochanganya, klia mbili kwa hadna moja, ile dawa ya kuikausha iwe ngumu, alipima kwa kikombe chenye mistari, hakukisia.

Akavaa barakoa yenye vichujio viwili, akanisogeza mbali. Hadna inaharibu mapafu, watu wanapata pumu ya maisha. Hapo nikawakumbuka wale vijana wa gereji, wamefunga vitambaa puani, hata yule aliyeinamisha kichwa. Nilikuwa nimepanga kuandika kwamba wote hawafai. Siandiki hivyo tena. Kijana anayelipwa kwa kutwa, anayeambiwa maliza haraka gari jingine linasubiri, msasa wa bampa zima ataupata wapi? Na yule wa kuchanganya rangi anajua kazi, popote alipo Mungu amfungulie.

Kwa ajili yake nilitaka kusema mnaweza kwenda pale, ila msimame hapohapo mpaka muone msasa umepita kila kona. Hapana. Nafuta. Msiende. Mtu anayetupa chini ushahidi wa mteja ataficha mangapi ambayo mteja hayaoni?

Laki na ishirini sikurudishiwa, na sasa hivi hata siitaki. Nataka aje aniombe radhi mimi, siyo shemeji, na aniombe mbele ya wale vijana wawili aliowachekesha.