Gunia la sukari kwenye ngazi za Kadutu

Vijia vya miteremko ya Kadutu na Panzi, mitaa ya Bukavu, vikibomoka, watu wa salongo (kazi ya pamoja ya mtaa) hukimbilia gunia la plastiki lililotumika, lile la kilo 50 la sukari au mchele. Kwa ngazi ya muda, gunia hili linastahili alama nzuri. Ngazi ya kudumu haliiwezi, na mara nyingi kosa si la gunia.

Likijazwa pomoni huwa duara, huviringika na kuacha mianya. Lijaze theluthi mbili, kunja mdomo, ubane mkunjo chini ya gunia lenyewe, kisha shindilia kwa gogo mpaka libapae. Safu ya juu ifunike maungio ya safu ya chini kama matofali. Udongo mwekundu mtupu ukilowa hulegea na ngazi hubonyea. Changanya na kokoto.

Adui wake mkubwa ni jua. Miezi michache tu wazi, nyuzi hukwanyuka kwa kucha. Kila kidato kifunikwe kwa jiwe bapa, au angalau udongo ulioshindiliwa.

Lakini anzeni na maji. Chimbeni mfereji unaokatisha njia kwa mshazari, digrii 30 hadi 45 hivi. Ukikatisha moja kwa moja, matope hutuama ndani na maji huruka juu. Mdomo uishie kwenye majani au kanivo (mtaro) la mawe, si uani kwa jirani (ugomvi wa mitaro huu tunaujua sote), na uzolewe kwa beche (sepetu) kila baada ya mvua kubwa.

Kimo cha kidato kisizidi sentimita 18, na pa kukanyagia pawe 30 au zaidi. Kikiwa kirefu, akina mama wenye mizigo hupita pembeni, na hapo korongo jipya huzaliwa. Uingereza, kwenye Pennine Way, njia ndefu ya waenda kwa miguu, mabamba ya mawe kutoka viwanda vikuukuu vya pamba yalitandazwa juu ya mboji tepetepe kwa sababu hiyohiyo: aliyepata pakavu hatafuti pembeni.

Kingoni pandeni vetiva, nyasi ya mizizi mirefu, mvua za Septemba zikianza, machipukizi mawili matatu kila shimo, sentimita 10 hadi 15 kati ya mashimo. Chini ya mparachichi hudumaa. Mizizi ikishika, gunia likioza halitamsumbua mtu.

Ukinunua gunia sokoni, vuta mshono wa chini: uzi ukifumuka kwa vidole, liache.